Bango la Maji ya Ndimu

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa maji. Saa kumi na moja na nusu Maman ananigusa bega, naamka nikipepesuka, naenda jikoni kujaza ndoo na madumu kabla watu wa ghorofa za chini hawajafungua mabomba yao. Sisi tunakaa ghorofa ya kumi na nne, South Beach, na katika jengo letu ukichelewa kidogo bomba linatoa hewa tu. Watu wakisikia tunaishi karibu na bahari wanadhani tuna raha. Raha ipo, lakini maji ya bahari hayapikii ugali.

Fleti yetu ina familia mbili. Chumba kimoja ni chetu, mimi Anaïs na mama yangu, Maman Antoinette, ambaye anasuka nywele katika saluni moja mjini. Chumba cha pili ni cha Maman Goreth na mwanawe Cédric, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache, na alikuwa amejifunza kutembea kwa kushikilia sketi yangu. Jiko ni letu sote. Nikimaliza kujaza madumu, Maman Goreth alikuwa anajaza sufuria moja, anaibandika kwenye jiko la umeme na kusimama hapo hapo mpaka maji yachemke vizuri. Yalikuwa maji ya kunywa ya Cédric.

"Tangu Bukavu nachemsha," alikuwa akisema. "Mama yangu alichemsha, na mimi nachemsha."

Sisi hatukuchemsha. Maman alikuwa akirudi na dumu la maji safi kutoka saluni, na hayo ndiyo tuliyokunywa. Likumbukeni hilo dumu, maana ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Muhula ule, nikiwa darasa la saba, mwalimu wetu Mam' Hlengiwe alitupa kazi ya utafiti. Kila mwanafunzi achague jambo moja la afya mtaani kwake, alichunguze kwa wiki tatu, kisha atengeneze bango. Mabango matatu bora yangepelekwa kuonyeshwa maktaba. Alitugawia pia karatasi yenye jedwali la kujaza.

"Sitaki vyanzo pungufu ya vitatu," alisema akitembea kati ya madawati. "Kimoja kiwe cha maandishi. Kimoja kiwe mtu anayeifanya kazi hiyo mwenyewe. Na kimoja kiwe kitu ulichokiona kwa macho yako. Kila chanzo mkijazie maswali haya mawili: Nani kasema? Amejuaje?"

Nikachagua maji. Nilitaka bango langu liende maktaba kuliko kitu chochote, kwa sababu mwaka uliotangulia lilikwenda la Tina, naye hakutupumzisha kwa kujisifu. Lakini kutaka ni kitu kimoja na kufanya ni kingine. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mimi nachora ndimu na matone ya maji pembeni mwa daftari. Ilipofika Jumanne ya wiki ya mwisho ndipo nikakurupuka.

Jioni ile nilimkuta Tonton Chacha kwenye lifti. Tonton kwetu ni mjomba, ingawa yeye ni Mtanzania. Anakaa ghorofa ya kumi na moja, na kazi yake iko bandarini, katika kampuni inayopeleka maji ya kunywa kwenye meli.

"Bonjour, tonton," nikamsalimu.

"Bonjour ndiyo nini? Kwetu Musoma mtoto anasema shikamoo." Alikuwa akinitania hivyo kila siku.

"Shikamoo, tonton."

"Marahaba! Haya, sema, naona una neno."

Nikamwuliza kama maji ya jengo letu ni salama. Akakuna kidevu. Lifti ikapanda ghorofa tatu nzima hajasema kitu.

"Sijui," akasema.

"Lakini tonton, si unafanya kazi ya maji?"

"Ndiyo maana nasema sijui. Maji ya meli nayajua kwa sababu nayapima. Haya ya kwetu sijawahi kuyapima. Njoo Jumamosi na kikombe, tuyapime pamoja, ndipo tuongee."

Jumamosi! Na bango linatakiwa Ijumaa! Nilimdharau moyoni, Mungu anisamehe. Mtu mzima, amevaa ovaroli na mabuti ya kazi, halafu anajibu sijui bila hata kuona aibu.

Kesho yake, baada ya mazoezi ya kwaya, nikamfuata Papa Pontien. Huyu ni kiongozi wetu wa kwaya, ana duka la kutengeneza simu, na sijawahi kusikia swali likimshinda. Nilipomtajia maji, uso wake ukachangamka.

"Aa, maji! Hiyo ni kitu kidogo, binti yangu. Lita moja ya maji, unakamulia ndimu moja, unatia chumvi kidogo, unangoja dakika kumi. Vijidudu vyote, kwisha! Kuchemsha iko kupoteza umeme bure."

Alisema kwa sauti ile ile anayoimbia, bila kusita hata kidogo. Swali likanijia mdomoni: Papa, umejuaje? Nikalimeza. Kwetu mtoto hamwulizi mtu mzima amejuaje. Ni sawa na kumwambia anadanganya. Lakini nikisema kweli yote, adabu ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimepata jibu, na sikutaka mtu aniharibie, hata yeye mwenyewe.

Nikakaa mezani kujaza jedwali. Nani kasema? Bwana Pontien. Amejuaje? Hapo kalamu ikasimama. Nikaangalia dirishani, nikaangalia kalamu, kisha nikaandika: Ni mtaalamu wa maji kwa miaka ishirini. Baada ya uongo wa kwanza, uliofuata haukunisumbua. Kwenye chanzo cha maandishi nikaandika jina la kitabu nilichokiona kwenye rafu ya shule, ambacho sikukifungua. Kwenye kitu nilichokiona kwa macho yangu nikaandika kwamba nimekunywa maji ya ndimu nyumbani kwa siku saba nikabaki mzima. Sikunywa hata tone. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya saluni.

Bango lenyewe lilipendeza. Katikati ndimu kubwa ya kijani, huku na huku vijidudu vyenye miguu vikikimbia kwa hofu, na juu maandishi mekundu: ACHA KUPOTEZA UMEME, KAMUA NDIMU! Nililiandika kwa Kiingereza na chini yake kwa Kiswahili, ili Maman asome.

Na Maman akasoma. Ijumaa hiyo hiyo wazazi waliitwa shuleni kuchukua ripoti, na Mam' Hlengiwe alikuwa ameyabandika mabango yote ukutani kabla hajayasahihisha. Maman akalipiga picha bango langu, akalituma kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa jengo letu: "Utafiti wa binti yangu Anaïs. Shule imeweka ukutani." Simu yake haikutulia. Hongera, Maman Anaïs! Mtoto ana kichwa huyu! Nami kichwa changu kikavimba kwelikweli.

Jumatatu asubuhi nikajaza madumu kama kawaida. Jiko lilikuwa baridi. Maman Goreth alikuwa amesimama mezani, anakamulia ndimu kwenye chupa ya Cédric.

"Umenisaidia sana, Anaïs," akaniambia akitabasamu. "Miaka yote nachoma umeme bure! Kama shule imesema, mimi ni nani?"

Nilijibu nini? Nilisema, "Karibu, Maman Goreth." Nikachukua begi langu nikaenda shule.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana, na Papa Pontien ameinua simu yake juu. Kwenye kioo lilikuwa bango langu.

"Mnaona? Mimi nilisema, mkabisha. Sasa hata shule imethibitisha!"

Watu wakapiga makofi. Habari yote ya bango ilitoka kwake, na sasa yeye anatoa ushahidi kutoka kwenye bango. Hapakuwa na mtu mwingine nyuma yetu. Tulikuwa tumeegemeana sisi wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye amesimama imara. Nililijua hilo pale pale, mchana kweupe, na Maman Goreth alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na Cédric mgongoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanyamaza, nikaomba tu mtu abadilishe mazungumzo.

Jumatano nilipotoka shule nilimkuta Maman nyumbani, siku ambayo angepaswa kuwa saluni.

"Cédric iko hospitali," akasema. "Ameharisha na kutapika tangu asubuhi. Wamemtundikia dripu."

Nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Maman akadhani ni huruma. Haikuwa huruma tu.

Kesho yake alasiri Maman Goreth akaja mbio kuchukua nguo za mtoto. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Huku akikunja nguo akatueleza.

"Muuguzi aliniuliza mtoto anakunywa maji gani. Nikamwonyesha picha ya bango. Nikamwambia, hii imetoka shuleni. Akasema ndimu haiui vijidudu vya kwenye maji. Hawezi kuapa ni maji ndiyo yamemwumiza, lakini mtoto mdogo apewe yaliyochemshwa. Akaniuliza, nani aliandika hii? Nikamwambia, ni mtoto wetu wa nyumbani, ana akili sana." Akatikisa kichwa. "Akaniangalia tu. Watu wengine hawana heshima."

Alikuwa ananitetea! Mtoto wake amelala na sindano mkononi, na yeye ananitetea mbele ya muuguzi. Angenizaba kofi ningeumia kidogo kuliko vile.

"Maman Goreth," nikasema. "Ni uongo."

"Nini uongo?"

Nikasema yote. Kitabu sikukifungua. Papa Pontien si mtaalamu wa maji. Siku saba sikujaribu hata moja. Machozi yalikuwa yananishuka, sikuyafuta. Yeye alisimama na kifulana cha Cédric mkononi.

"Na wewe," akauliza polepole, "ulikuwa unakunywa maji gani?"

Nikaonyesha kwa kidole dumu la saluni pembeni mwa mlango. Aliliangalia dumu lile kwa muda mrefu. Kisha akaweka kifulana ndani ya mfuko, akafunga mfuko, akatoka. Hakuaga.

Nilitamani Maman anigombeze. Hakunigombeza. Alichukua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga.

"Vaa viatu," akasema. "Tunaenda kwa Papa Pontien. Na wewe ndiye utauliza."

Dukani Papa Pontien alikuwa amefungua simu ya mtu, ameinama na miwani puani. Mbele yake nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa.

"Papa Pontien, pardon, nauliza kwa heshima. Habari ya ndimu, ulijuaje?"

Akaacha kazi. Akamwangalia Maman, akaniangalia mimi, akakohoa.

"Mais, si nilisikia pale saluni kwa mama yako? Siku ile nimeleta simu. Wanawake walikuwa wanaongea."

Maman akaweka mkono mdomoni. "Yesu wangu," akasema. "Ni yule mteja anayetoka Isipingo. Alisema amesikia watu wanaongea kwenye teksi."

"Anaitwa nani, Maman?" nikauliza.

"Simjui jina. Nilimsuka mara moja tu."

Habari yetu ikaishia hapo. Tulitafuta mtaalamu wa miaka ishirini, tukamkuta mtu asiye na jina aliyesikia maneno ya mtu mwingine ndani ya teksi. Tuliangaliana sote watatu, na sijui nani aliona aibu zaidi.

"Eish," akasema Papa Pontien, akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta la kusema. "Unajua, binti, hakuna mtu amewahi kuniuliza hivyo. Ungeniuliza siku ile, ningekujibu sijui."

Jioni hiyo akaandika mwenyewe kwenye kundi kwamba habari ya ndimu si kweli, watu wachemshe maji, na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mimi nikaandika chini yake kwamba mtaalamu nilimtunga. Vidole vilikuwa vizito kuliko siku niliyoandika ule uongo.

Jumamosi nikashuka ghorofa ya kumi na moja na kikombe cha maji ya bomba. Tonton Chacha alikuwa amesoma kundi kama watu wote. Nikasema shikamoo bila kuambiwa, nikangoja matusi. Yeye akasogeza kiti.

"Kaa. Angalia mwenyewe, usiniamini mimi."

Akamimina maji yangu kwenye kichupa, akatia kidonge kidogo. Akafanya vivyo hivyo na maji aliyoyatoa kazini. Ya kazini yakawa na rangi ya waridi. Ya kwetu yakabaki meupe.

"Rangi ikitokea, dawa ya kuua vijidudu ipo," akasema. "Hapa haipo."

"Kwa hiyo maji yana vijidudu?"

"Umeanza tena haraka! Sikusema hivyo. Nimesema hakuna kinachovizuia. Kama vipo au havipo, maabara ndiyo watasema. Sasa twende kwa msimamizi wa jengo."

Msimamizi akatupandisha juu ya paa. Kifuniko cha tangi kubwa linalolisha mabomba yetu kilikuwa kimevunjika nusu, na njiwa walikuwa wamejifanyia makao pale. Manyoya yalielea juu ya maji. Msimamizi alishika kiuno, akaguna. Siku hiyo hiyo akabandika tangazo kwenye lifti kwamba kila mtu achemshe maji, na wiki iliyofuata tangi likamwagwa, likasuguliwa, likapata kifuniko kipya. Wiki tatu nilizopewa zingetosha kabisa kupanda paa lile. Kila nikilifikiria hilo, uso unanishuka.

Lakini kabla ya tangi kusafishwa ilikuja Jumatatu. Nilimfuata Mam' Hlengiwe kabla ya kengele, nikamwomba aliondoe bango langu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Utaliondoa mwenyewe," akasema. "Mbele ya wenzako, na utawaambia kwa nini."

Nilisimama mbele ya darasa nikang'oa bango langu, ndimu ikachanika katikati. Nikawaeleza. Nilidhani Tina atacheka, nikajiandaa. Hakucheka.

Mam' Hlengiwe akachukua bango lililochanika, akalishika mbele yetu.

"Anaïs alidanganya, na atapata sifuri," akasema. "Na mimi nilikosea, nililibandika kabla ya kulisoma. Watu wakaliamini kwa sababu ya ukuta wangu. Ukuta wa shule haugeuzi uongo kuwa kweli, wala sauti kubwa, wala umri wa mtu. Msiogope kuuliza amejuaje. Ulizeni kwa adabu. Anayejua atafurahi kuwaonyesha, na asiyejua mtakuwa mmempa nafasi ya kusema sijui kabla hajaumiza mtu. Na yule aliyekwambia sijui, njoo tupime, huyo Anaïs ulimpita kwenye lifti."

Cédric alirudi nyumbani baada ya siku nne, amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Aliponiona alinyoosha mikono. Maman Goreth akamgeuza upande wa pili. Alijibu salamu zangu, ndiyo, lakini zaidi ya hapo hakuna. Asubuhi nilijaza madumu, yeye akachemsha maji yake, na jikoni pale tulipishana kimya kimya.

Nikatengeneza karatasi mpya. Haikuwa bango, na haikwenda maktaba. Ilisema: chemsha mpaka maji yatoe mapovu makubwa, funika, acha yapoe. Chini nikajaza jedwali lile lile, mara hii kwa ukweli. Asubuhi moja nikaiweka mezani jikoni, nikasogea kando.

Maman Goreth akaisoma, kidole kikifuata kila mstari. Akaniangalia.

"Hii umejuaje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Mtoto wetu wa nyumbani, mwenye akili sana, sasa anaulizwa. Uso ukaniwaka moto, lakini nikamjibu.

"Nimesoma kwenye karatasi ya kliniki, hii hapa. Nimemwuliza Tonton Chacha, akanionyesha. Na nimeona kwa macho yangu."

"Umemwona nani?"

"Wewe, Maman Goreth. Kila asubuhi. Cédric alikuwa haumwi."

Akaikunja karatasi ile mara mbili, akaitia mfukoni mwa kitenge. Kisha akajaza maji sufuria, akaibandika jikoni, tukasimama wote wawili mpaka maji yakachemka, na tukangoja tena mpaka yakapoa. Akajaza chupa ya Cédric. Yaliyobaki akayamimina kwenye kikombe, akalisogeza dumu la saluni kwa mguu, akanipa kikombe.

"Utakunywa haya haya anayokunywa mwanangu," akasema. "Kuanzia leo."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.